Nyumba Niliyoiziba

Jumatatu, 9 Juni
Upepo wa ziwa tena. Siku nzima ghalani, nikiandika hesabu ya magunia ya samaki wakavu kwa vidole vilivyokufa ganzi. Nkambo, mama mzazi wa baba, hakutoka kitandani mpaka jua lilipofika mlangoni. Anasema Jumamosi atapanda boti arudi Kilwa, kwetu Kongo, kwa sababu nyumba hii ya Nchelenge, ng'ambo hii ya ziwa, itamuua kwa baridi. Kule hakuna aliyebaki wa kumpokea. Kilichotufukuza ndicho kilichobaki. Nimemwambia. Hataki kusikia.

Jumanne, 10 Juni
Makala, makaa ya kupikia, yanakwisha upesi. Kununua zaidi haiwezekani. Basi joto lisitoke. Leo niliitazama nyumba kama upepo unavyoitazama: chini ya mlango, pembeni mwa dirisha, na ule mwanya mrefu kati ya ukuta na mabati. Ghalani kuna magunia yaliyochanika. Lazima niyaombe kwa bosi. Naogopa.

Jumatano, 11 Juni
Bosi alisema chukua. Hakuinua hata kichwa. Niliogopa bure.

Alhamisi, 12 Juni
Kazi imekwisha. Chini ya mlango, gunia jembamba lililojaa mchanga. Dirishani, maboksi. Magunia yaliyochanika nimeyashona pamoja yakawa dari chini ya mabati, na mwanya nimeuziba kwa matambara na udongo. Upepo unapita nje sasa, unasikika tu. Jirani yetu Bana Chola, yaani Mama Chola, alichungulia, akauliza kwa Kibemba kama tunaficha mbuzi wa wizi. Nkambo alicheka. Sikumbuki alicheka lini mara ya mwisho. Nina furaha. Naandika hivyo kwa hofu.

Ijumaa, 13 Juni

Jioni nilirudi nikakuta mlango umefungwa. Ndani, mbabula, jiko letu la makala, katikati ya chumba, makala mekundu, hakuna moshi hata kidogo. Hapa wote hufanya hivyo wakati wa baridi. Jiko linawashwa nje, moshi ukiisha linaingizwa ndani. Kila mtu anajua kinachodhuru ni moshi. Mimi pia nilijua hivyo.
Nkambo alikuwa ameegemea ukuta. Nilimwita, hakujibu. Nikamvuta kwa mabega, Bana Chola akaja mbio akamshika miguu. Nje upepo ule tuliouchukia ukampiga usoni. Akatapika. Kisha akafungua macho na kuuliza kwa nini tunamvua kitambaa cha kichwa mbele ya watu.

Jumamosi, 14 Juni
Kliniki. Muuguzi alieleza taratibu. Makala yanayowaka hutoa sumu isiyo na rangi wala harufu, hata moshi ukiwa umeisha. Nyumba yenye mianya huipunguza kidogo. Nyumba iliyozibwa huifungia ndani na mtu wake. Akauliza nani aliiziba. Nikasema mimi. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.
Boti imeondoka bila nkambo, kichwa bado kinamuuma. Anasema ataondoka Jumamosi ijayo. Sasa ana sababu mbili.

Jumapili, 15 Juni
Baada ya misa nimezibua mwanya wote chini ya mabati. Dari nimeliacha, ila pembeni nimelikata hewa ipite. Gunia la mlangoni limebaki. Mbabula haitavuka kizingiti tena, hata ikiwa imezimwa nusu.
Baridi imerudi. Nkambo amejifunika blanketi hadi masikioni. 

Jumanne, 17 Juni
Nimekumbuka jambo la shuleni. Chakula kilichochemka hujipika chenyewe, kisipopoteza joto. Maharage yaliyolala majini, nikayachemsha nje robo saa tu, nikafunika. Kisha sufuria ndani ya kikapu cha samaki kilichojaa majani makavu, blanketi juu. Makala yaliyobaki yakachemsha maji. Nimeyatia kwenye bidoni, dumu dogo, nikaizungushia kitenge, nikaiweka miguuni pa nkambo. Hakuisukuma.
Jioni maharage yalikuwa laini. Nkambo alisema huo ni uchawi wa wavivu. Akaomba aongezewe.

Alhamisi, 19 Juni
Bana Chola ameleta sufuria yake, na kikapu. Jirani wa nyuma naye. Vikapu vinakaa kando ya kitanda cha nkambo, kwa sababu hapo ndipo hakuna kuku. Nimesikia akimfokea mtu kwa Kibemba kibovu: maharage yake hayakuchemka sawasawa.
Kesho kutwa ni boti. Sijauliza.

Jumamosi, 21 Juni
Honi ya boti ililia nikinywa chai. Nkambo alikuwa ameketi kitandani, kitenge magotini, mkono juu ya kikapu cha jirani. Nilisimama mlangoni. Yeye akasema kwanza.
"Nitaenda namna gani? Chakula ya batu iko kwangu."
Akaniambia nisishikeshike vikapu vya watu, nitawamwagia joto lao. Nikaenda kazini.