Kanda ya Eliufoo

Njoro, Moshi
9 Machi 1997

Kaka Eliufoo,

Shikamoo. Huku mvua zimeanza, na ng'ombe wa Mama amezaa ndama jike.

Kanda ya video uliyotuma ilifika. Mama alishuka kutoka Machame kuitazama kwangu, maana miaka tisa tumesikia tu kwamba Wamarekani wanakulipa ukimbie na kudaka mpira. Ulipodaka wa kwanza alipiga vigelegele. Wa pili uliurukia, na ungali hewani jamaa mmoja akakubamiza mbavuni, mwingine akakugonga kichwani kwa kofia yake ngumu. Ulianguka mikono imekakamaa, miguu ikitapatapa kama ya mbuzi aliyechinjwa, damu ikikutoka puani. Uwanja mzima ukashangilia.

"Wanamuua mwanangu na watu wanapiga makofi!" Mama alilia.

Nikamwambia uliinuka ukaendelea kucheza.

"Hilo ndilo baya zaidi," akasema.

Barua yako sikumsomea yote. Umeuliza, kwa mara ya tatu sasa, kama mguu wa Baba umepona. Kaka, Baba tulimzika Juni iliyopita. Ulikuja, ukabeba jeneza.

Unasema timu inataka usaini miaka miwili mingine. Usisaini chochote. Pasipoti yangu imetoka, na mwezi ujao nakuja kukuchukua. Andika jina langu ukutani, karibu na mlango, nisije nikabisha hodi ukaniuliza mimi ni nani.

Mdogo wako wa tumbo moja,
Elinipendo