Mama, Salim Halii Tena Usiku

Mama,

Shikamoo. Nimeiandika shikamoo nikaiweka kalamu chini kidogo, kama nilivyokuwa nikisimama mlangoni kwako kungoja marahaba, nawe ukiichelewesha makusudi kwa sababu sikujitanda vizuri. Leo nimejitanda. Tulia unisikilize, maana nina neno na wewe, na si neno la heri tupu.

Salim halii tena usiku. Mjukuu wako uliyekuwa ukimwita Shekhe Kunyonya, aliyekuwa akiamka kila paka akipita juu ya bati, sasa analala tangu isha mpaka alfajiri. Mtu mwingine angesema alhamdulillahi akanyamaza. Mimi ni mtoto wako. Nilishuku.

Ngoja nianze nyuma. Ulipoondoka, Salim ndiyo kwanza alikuwa akitambaa. Usiku akilia nilimpa ziwa, akilia tena nilimpa tena, kwa maana mimi mwenyewe nilikuwa macho nikikulilia wewe, na kumnyonyesha kulikuwa afadhali kuliko kutazama dari. Tukazoeana hivyo. Akatimiza mwaka, meno yakamjaa kinywani, anakula wali na samaki mchana kama mpagazi, na usiku bado anadai. Muuguzi wa kliniki kamtazama, kampima, kasema mtoto huyu ana afya, maziwa ya usiku hayahitaji tena, ni mazoea tu. Mshibishe jioni, umpunguzie usiku kidogo kidogo, mchana endelea kumnyonyesha mpaka mtosheke. Rahisi sana mdomoni.

Nikajaribu shubiri. Najua unacheka. Nilijipaka, Salim akaonja, akakunja uso kama mzee aliyeambiwa bei ya nyama, akanitazama, kisha akaendelea kunyonya. Nikajipaka zaidi. Akazoea. Mwisho mimi ndiye niliyekuwa nikiamka na uchungu mdomoni kwa kusahau kunawa mikono.

Kisha yakatokea ya Malindi. Nilikuwa nampaka hina bi harusi, mtoto wa watu wenye majina yao, na nikasinzia juu ya mkono wake. Nilipozinduka, ua nililolianzia kwenye kiganja lilikuwa limetoa shina mpaka kwenye kiwiko, limepinda kama mkia wa mjusi. Nikasema ndio mtindo mpya wa Lamu. Bi harusi akaamini. Somo yake, yule wa kumfunda mambo ya ndoa, aliyekuwa amekaa pembeni hakuamini, na mdomo wa somo ni gazeti. Tangu siku hiyo simu za harusi zikaanza kuadimika. Unajua hina ndiyo mkono wangu wa kulia, maana kazi ya mume wangu Athmani ya kutengeneza majokofu ya hoteli hapa Watamu huja na wageni na huondoka na wageni.

Ndipo alipokuja yeye. Mavyaa wangu, mamake Athmani. Alikaa kwenye mkeka, akamtazama Salim, akanitazama mimi na macho yangu mekundu, akasema, "Nipe mimi. Mtoto haachishwi ziwa la usiku na mtu anayenukia maziwa." Desturi unaijua: mtoto hupelekwa kulala kwa nyanyake mzaa mama, akalisahau ziwa huko. Kazi hiyo ilikuwa yako. Nililia mbele yake, Mama, na sikupenda anione.

Nilimpa. Nilimpa kwa sababu sikuwa na pengine pa kumpeleka. Lakini maneno yako yote yalinirudia. Wewe ndiye uliyeniambia, siku aliporudisha sinia la biriani la harusi yangu akisema chumvi imezidi, kwamba anayerudisha sinia ana jambo moyoni. Wewe ndiye uliyeniambia, "Chai ya mavyaa wako usiinywe kabla hajainywa yeye." Miaka yote hii ya ndoa nimekunywa chai iliyopoa kwa ajili ya neno lako hilo.

Basi kila jioni nikawa namnyonyesha Salim, namfunga kwa leso, napanda tuktuk mpaka Dabaso, namkabidhi, narudi. Asubuhi namfuata. Kanipa na sharti: nisiende kabla jua halijapanda, "akikunusa kazi yote imeharibika." Sharti hilo lilinikaa vibaya. Mtu mwenye jambo jema anafunga mlango kwa nini?

Siku za kwanza aliniambia kalia kidogo, kanywa maji kwenye kikombe, kalala. Kidogo! Mtoto aliyekuwa akiamsha mtaa! Haikupita wiki akasema, "Hakuamka." Akalisema akipepeta mchele, bila kuinua macho.

Hakuamka. Tumesikia mangapi, Mama, ya watoto wanaonyweshwa dawa ya kifua ili walale, wanaotiwa hiki na kile kwenye maji? Kikulacho ki nguoni mwako. Nikaanza upelelezi. Kila asubuhi nikimpokea mwanangu, kabla ya kumbusu, namnusa mdomo. Nikamfunua macho nione kama mboni zimelegea. Nikamchezea chezea nyayo nione kama anashtuka upesi. Alishtuka upesi na kunipiga teke la pua.

Mdomo wake ulinukia iliki.

Nikamwambia Athmani. Akacheka, akasema mama yake hata panadoli huimega nusu. Nikamwambia nawe utasema nini, ni mama yako. Tukalala kila mtu na ukuta wake.

Siku moja mavyaa akaenda kisimani, nikaingia chumbani mwake. Usinikemee, ungeingia na wewe. Kabatini, nyuma ya sanduku la udi, nikakuta kichupa kimefungwa kwa kitambaa, fundo juu ya fundo. Nikakifungua, nikanusa, nikaonja kwa ncha ya ulimi. Mafuta ya habasoda, ya kumkanda tumbo. Nikikuambia ukweli wa Mungu, nilivunjika moyo kidogo. Nilikuwa nimeshajiandaa kupiga kelele.

Kilichonimaliza si kichupa. Asubuhi moja nilinyoosha mikono kumpokea Salim, naye akamkumbatia nyanyake shingoni akalia. Akalia kwa kunikataa mimi. Mavyaa akatabasamu, akasema, "Ndio watoto." Niliona lile jino lake la dhahabu, nikasema basi, huyu hataki kumwachisha ziwa, anataka kumwachisha mama. Usiku wa siku ile ndio nilioamua. Nitamchukua mwanangu, na alie mpaka mtaa mzima uhame.

Nilikuwa na bi harusi Gede siku iliyofuata, Salim nikamwacha Dabaso mchana ule, nikamaliza mapema. Sikupiga simu. Nikaenda Dabaso alasiri na mfuko mtupu wa kubebea nguo za mtoto. Mlango wa uani ulikuwa umerudishwa. Nikavua viatu ili nisisikike, kwa mara ya kwanza maishani nikanyata kama mwizi, nikasimama nyuma ya mlango wa chumba. Alikuwa anambembeleza usingizi wa mchana. Nilitaka nimkute na kijiko mkononi.

Alikuwa anaimba.

*Jiko limefungwa, moto umelala,*
*paka wa jikoni naye keshalala,*
*maziwa yamelala, kikombe kimelala,*
*nawe kipenzi changu, lala.*

Mama, nilishika ukuta. Wimbo huo si wa mtu yeyote. Sijausikia Mombasa wala Lamu wala redioni. Uliutunga wewe, kwa ajili yangu mimi mtoto wako wa pekee, na ulikuwa ukiniimbia mpaka nilipoanza kwenda chuoni kusoma Kurani, maana nilikuwa sipati usingizi bila kuhakikishiwa kwamba jiko limefungwa kweli. Yeye kautoa wapi? Kakuibia lini? Nikakasirika zaidi ya siku ya sinia. Nilikuwa nimeshaweka mkono kwenye mlango.

Kisha akaendelea. Na alipoendelea, aliimba maneno ambayo sijapata kuyasikia.

*Ukishtuka gizani usitie shaka,*
*niko nyuma ya mlango, sijaondoka.*

Nilibaki palepale, nyuma ya mlango, na viatu mkononi. Umri wangu wote nilidhani wimbo unaishia penye lala. Sikuwahi kuufikisha mwisho. Kila ulipofika hapo nilikuwa nimeshalala, nawe uliendelea peke yako.

Alinikuta nimekaa chini ukumbini nalia. Hakuuliza nimeingiaje. Nikamwuliza mimi, bila salamu, wimbo huo umeupata wapi. Akasema, "Kwa mamako. Kanikataza nisikwambie."

Sasa ndio neno langu na wewe. Kumbe zile siku za ugonjwa wako, nilipokuwa nikikuacha Malindi niende kwenye harusi za watu, alikuwa akija. Alikuletea uji wa wimbi uliopikwa kwa tui na kutiwa iliki, uliokuwa ukikaa tumboni. Nikirudi nyumba inanukia iliki, nikikuuliza unasema jirani kaleta. Jirani! Mgonjwa mzima unadanganya. Uji huohuo ndio alioushindilia Salim kila baada ya magharibi, kijiko kwa kijiko, mpaka tumbo likawa ngoma na usiku hana nafasi ya njaa. Akilia alimpigapiga mgongoni, akampa maji kidogo, akamwimbia. Akilia tena alimwimbia tena. Hiyo ndiyo dawa niliyokuwa nikiinusa.

Akaniambia ulimfundisha wimbo kwa kunong'ona, maana pumzi ya kuimba huna, na yeye hana sauti, mkawa mnagombana juu ya wapi ipande na wapi ishuke. Akaniambia ulimwambia, "Mwanangu hana moyo wa kumsikia mwanawe akilia. Itabidi umchukue wewe. Na usimwambie nimekutuma, atakataa." Nikamwambia mamangu hakukupenda. Akasema, "Najua. Chai yangu aliinywa, lakini kila siku alingoja nianze mimi."

Tukacheka, Mama. Tukacheka mpaka Salim akaamka, na bado nilikuwa nalia.

Nimekukasirikia, na nakwambia wazi. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Wewe ulinifunza nimshuku mtu, kisha ukaenda ukampa wimbo wangu na mwanangu. Uliona nini kwake katika mabakuli yale ya uji ambacho hukunionyesha mimi? Ulikuwa hukosi maneno ya kuniambia alipokosea. Alipofanya wema ukasema ni jirani. Ungeniambia tu, ningemjua mapema, na siku zile za msiba ningekuwa na mtu wa kulia naye.

Lakini pia najua kwamba ulikuwa ukijua unaondoka, na ulikuwa ukitafuta mikono ya kumwachia Salim. Ukachagua mikono uliyokuwa umeichunguza kwa jicho kali kuliko yote. Hilo nimelikubali. Linaniuma na linanipoza.

Salim amerudi Watamu. Usiku wa kwanza aliamka. Nilimpa maji, nikampigapiga mgongo, nikaimba, na ziwa likaniuma kwa kujaa na mimi nikavumilia, Athmani kakaa kitandani ameshika kichwa kama mtu anayengoja matokeo ya mtihani. Alilia, akapunguza, akalala. Nikafika mpaka mwisho wa wimbo. Mchana bado ananyonya, na atanyonya mpaka atimize miaka yake miwili, inshallah. Hina yangu imenyooka tena. Juzi yule somo wa Malindi kanipigia simu, ana bi harusi mwingine. Kauliza kama naweza kumchora ule mtindo mpya wa Lamu.

Sitakudanganya, asubuhi nyingine bado namnusa mdomo nikimtoa Dabaso alikolala siku za harusi. Shaka uliyonirithisha haitoki kwa siku moja, na huenda mwenyewe usingependa itoke yote. Ila nakuahidi hili: Ijumaa hii naenda kwake na sinia la biriani, chumvi ileile ya kwako, alirudishe akitaka. Na akinimiminia chai nitainywa ingali moto, na nitaanza mimi.

Nami Salim nitamwimbia mpaka mwisho kila siku, hata kama keshalala, kama ulivyoniimbia.

Mungu akulaze pema, Mama. Jiko limefungwa. Usitie shaka. Niko nyuma ya mlango.

Mwanao,
Zuhura