Muuzaji Aliyeangukiwa na Ukuta

Mama, yambo sana kutoka kwenye baridi ya mto Rhin.

Tunachimba duka la zama za Warumi, hapa mpakani ambapo utawala wao uliishia. Chini ya ukuta ulioanguka tumemkuta muuzaji mwenyewe, mifupa tu, na mizani yake ndogo mkononi. Ni wiki ya tatu tunamtoa kwa brashi, tumelala kifudifudi. Mvua ikianza tunamfunika yeye kwanza, sisi tunalowa.

Jana niliwaambia wenzangu kwamba kaka Kalala naye alikuwa mchimbaji. Wakafurahi, wakadhani naye alisomea kazi hii, wakauliza alichimba wapi. Nikasema kwenye mgodi wa Shinkolobwe, kwetu Kongo, na shimo lilimwangukia. Nikawaambia ulivyojibiwa na wakubwa wa mgodi siku ya pili, ulipoomba atolewe: "Mama, mumuache, bulongo bulisha kumuzika." Nikawatafsiria: udongo umeshamzika.

Wakarudi kwenye brashi zao. Mimi nilikuwa na hasira, Mama. Huyu muuzaji hata jina lake hatulijui, na bado anatolewa kidole kimoja kimoja.

Ule vizuri, usikae na njaa kwa ajili ya mawazo. Lile jiwe jeupe la Kakontwe tuliloweka pale juu ya shimo la Kalala, mtu asiliondoe. Najifunza kuchimba polepole.

Mwanao, Mbombo