Kompyuta Niliyoichagua kama Fahali

Minjila, Jumapili, 1999

Nyimbo zimeanza tena kwa jirani yangu Komora. Kwangu kimya.

Tulikwenda Mombasa pamoja kutafuta kompyuta kuukuu za kuhifadhia nyimbo za kanda zetu. Yeye akachukua kidude cha kukunja kama kitabu, nikamcheka. Sisi Waorma fahali tunamchagua kwa mwili, nami nikabeba ile kubwa kuliko zote. Kijijini hakuna umeme, na sasa inamaliza betri ya lori kabla ya wimbo wa tatu. Chake kinaidonoa betri kidogo kidogo tu.

Jioni mke wangu akaniambia, "Baba Halima, nafika kwa Komora mara moja."

Nikamfuata kwa hasira. Nje ya ua nikamsikia marehemu mama yangu akiimba. Kanda hiyo nilimwazimisha Komora mimi mwenyewe.

Hata mama kahamia kwake.