Vikanyagio vya Mushumbusi

Bilele, Bukoba
14 Juni 1954

Dada yangu Zabibu,

Assalaam aleikum. Natumaini barua hii inakukuta mzima hapo Izigo, wewe na shemeji, na kwamba kile kifua kimekuachia. Mimi sijambo, ila mikono ndiyo haitoki grisi. Wifi yako Maulida anakusalimu, anasema ile migomba uliyompa yote imeshika.

Dada, leo nina habari ya Mushumbusi. Ndiye yule yule mkaguzi wa kahawa aliyemwaga magunia ya marehemu baba mbele ya soko zima. Unakumbuka alivyosema: kahawa hii imeanikwa chini, basi irudi chini. Uongo mtupu! Mikeka ya kuanikia tuliisuka mimi na wewe. Baba aliingia ndani siku ile, na sokoni hakuonekana tena mpaka tunamzika.

Basi mwezi wa kwanza aliingia karakanani kwangu na pikipiki mpya. Urefu wake unaujua: magoti yaligonga usukani kila akikata kona, miguu imekunjamana kama ya panzi. Hakunitambua. Akaniomba niirekebishe imfae. Nilimkalisha, nikampima paja na goti kwa kamba, nikainua kiti kwa kipande cha mninga na kukijaza sufi, nikausogeza usukani mbele. Kazi safi, sitakudanganya. Akasema hajapata kuona fundi wa namna hii. Nilifurahi, halafu nikajichukia kwa kufurahi.

Vikabaki vikanyagio, vile vyuma vya kuwekea miguu. Mtu mrefu huteremshiwa upana wa vidole viwili, basi, maana vikizidi hapo, pikipiki ikilala kwenye kona vitagusa ardhi. Mimi niliviteremsha vidole vinne, kwa makusudi. Nikamwambia sasa anyooshe miguu kama bwana mkubwa.

Wiki iliyofuata, kwenye kona ya mteremko wa kuja kwenu, kikanyagio cha kushoto kilichimba barabara. Ule mguu uliosikia kuwa umevunjika, dada, ni kazi ya ndugu yako. Nilipopata habari nilisema peke yangu: na arudi chini. Nikala nikashiba, Mungu ananiona.

Sasa sikia. Juzi amekuja na mkongojo, pikipiki inasukumwa na watu wawili. Mguu umeunga ukiwa mfupi kuliko mwenzake. Anasema mafundi wengine wamemshauri aiuze, lakini yeye mwili wake hamkabidhi mtu mwingine ila mimi. Aliniita ndugu yake.

Kikanyagio cha kushoto nimekwisha kukipandisha. Cha kulia bado kiko vidole vinne chini, nakitazama tu. Jumamosi anakuja kuichukua. Barua hii anakuletea Aroni wa lori la kahawa, naye anarudi huku Ijumaa. Wewe ndiye uliyemfumba baba macho. Niambie, nikipandishe au nikiache.

Nisalimie shemeji na majirani wote wanaoniulizia, na kifua hicho ukifunike asubuhi.

Ni mimi mdogo wako,
Burhani