Kano ya Kuazima

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Nakuamkia kwa mikono yote miwili, ingawa mmoja bado uko darasani na mwalimu wake ni mkali. U hali gani wewe, na shemeji na kifua chake? Na bibi harusi wetu, anakula, au ndiyo anajinyima apungue? Mwambie aache mara moja, vipimo nilivyo navyo ni vya mtu anayekula. Sisi huku wazima. Wifi yako anakusalimu sana, amenenepa kwa kunicheka.

Najua unataka habari ya gauni, lakini mimi sijawahi kuanza shati kwa vifungo. Ngoja nianze na mkono.

Unakumbuka nilivunjika kifundo cha mkono wa kulia nikimwonyesha mteja jinsi tulivyokuwa tukicheza dansi nilipokuwa nchi za watu. Plasta ikatolewa, mfupa umeunga, nikatamba mtaa mzima kwamba mifupa yangu imetoka kiwanda kimoja na reli. Basi asubuhi moja kitambaa kiko mezani, nikapiga mkato wa kwanza, safi. Mkasi ukafunga, ukakataa kufunguka. Nikautia mafuta, nikautukana, nikachukua mwingine. Nao vilevile. Ndipo nikatazama kidole gumba, kumbe kimelala kiganjani kama mlevi. Nakiita hakiitiki. Wala hakiumi.

Daktari wa mifupa alinieleza mambo marefu kama suruali ya mtu mwingine, lakini mimi shule niliiacha mapema bila kuacha akili huko, kwa hiyo nakupunguzia. Msuli unaonyanyua kidole gumba, dada, haukai kidoleni. Unakaa huku juu, kati ya kiwiko na kifundo, kama mota ya cherehani iliyojificha chini ya meza. Kinachofika kidoleni ni kano, uzi mweupe mgumu unaopita juu ya kifundo na kushika mfupa wa mwisho. Msuli ukijikunja, uzi unavutwa, kiungo kinageuka kama bawaba, kidole hicho juu. Na msuli haujui kusukuma, hata ungeulipa. Unajua kuvuta tu. Ndiyo maana kila kiungo kina misuli ya pande mbili: wa kufunga ukivuta, wa kufungua unalegea, halafu inapokezana. Kazi yote ya mkasi ni hiyo. Wa kufunga ninao mzima. Uzi wa kufungua ulikuwa umesagika polepole pale mfupa ulipovunjika, mpaka ukakatika wenyewe.

Nikamwambia aunge, uzi mzuri nitamletea. Akacheka, akasema ncha zimechakaa, haziungiki. Ataazima kano kwa jirani, yaani kidole cha shahada, maana hicho kimejaliwa kano mbili za kukinyoosha, kama mzee aliyevaa mkanda na kamba za mabega kwa pamoja: ukimvua kimoja, suruali haianguki. Nikaona huyu ni fundi mwenzangu. Akanipasua, akashona. Mshono wake niliukagua. Ningempa kazi ya mashuka.

Vituko vikaanza kwenye mazoezi ya mkono hospitalini. Yule dada wa mazoezi, mimi namwita Afande, alisema kano imehama lakini msuli haujaambiwa. Bado unajiona mtumishi wa kidole cha shahada. Ukiliamuru gumba linyanyuke, kimya. Inabidi utake kuonyesha kitu kwa kidole cha shahada, na litakalonyanyuka ni gumba. Akanifunga vile vidole vinne kwa kitambaa visiibe kazi, akaniamuru nionyeshe. Nikaonyesha nguzo, mbwa, dirisha. Wapi! Afande akasema naonyesha kivivu. Akaniuliza, hivi kweli hakuna mtu duniani ninayetamani kumnyooshea kidole?

Dada, unanijua. Nilitazama ng'ambo ya barabara.

Huko kuna fundi tunayemwita Pindo, kwa sababu nilieneza mimi kwamba mapindo yake hupanda upande mmoja kama yanakwenda ghorofani. Hatukuwa tukisalimiana tangu alipomwambia mteja wangu kwamba suti zangu humpendeza aliyekwisha kulazwa jenezani. Basi nikakaa kibarazani, nikamnyooshea kwa roho yangu yote, nikimtukana kimoyomoyo: mwizi wa mishono yule! Gumba likasimama wima. Nilifurahi nusura nilie. Mwongo yule! Juu. Mchoyo yule! Juu tena. Ikawa ndiyo dawa yangu, asubuhi na jioni.

Sasa hebu simama upande wake. Anachokiona yeye ni mimi, meno yote nje, namwinulia kidole gumba kila siku ya Mungu. Mwisho akavuka barabara, utepe wa kupimia shingoni, macho yamelowa. Akasema amengoja miaka kusikia neno moja jema kutoka kwangu, maana mtaa huu nani mwingine anajua mkato mzuri ni upi? Mimi, ambaye ulimi wangu haujawahi kukosa kazi, nilimkaribisha kiti tu. Wifi yako yuko ndani amejiziba mdomo kwa mto.

Sasa msuli umekubali bosi mpya. Naliambia gumba nyanyuka, linanyanyuka bila kumtukana mtu. Lakini nguvu bado, na Afande amenionya kwamba kano hii ikikatika, ya kuazima nyingine hakuna.

Na hapo ndipo penye gauni. Keti, dada.

Ile hariri uliyonitumia niliitandaza mezani. Nikachora kwa chaki, vizuri tu. Nikashika mkasi, ukafunguka nusu, ukaishia hapo. Hariri ikikatwa vibaya hairudi, na harusi haimngoji mjomba. Nikauweka mkasi chini, nikavuka barabara kwa miguu yangu.

Amelikata Pindo. Mimi nilimshikia ncha za kitambaa, tukagombana kuhusu kiuno, nikashinda. Katikati ya kazi roho ikanisuta, nikamweleza ukweli wa lile gumba, mkasi ukiwa wazi mkononi mwake juu ya hariri yako! Akautazama mkasi, akanitazama mimi. Nikaona gauni limekwenda. Kisha akauliza ni tusi gani lililolinyanyua juu zaidi. Nikamwambia mchoyo. Akacheka mpaka akakaa chini, halafu akainuka akaendelea kukata, wala mstari haukupinda. Lile pindo nimelipima mara mbili nikitafuta kasoro. Sikuiona, na iliniuma.

Najua niliahidi mbele ya ukoo mzima kwamba mtoto atavaa kazi ya mkono wa mjomba wake. Pindo mwenyewe aliniambia nibandike lebo yangu, nani atajua? Basi likifika, funua shingo kwa ndani. Utakuta lebo ni yake. Niliishona mimi kwa sindano, kwa mkono huu huu, na ilinichukua siku nzima, kitu ambacho zamani nilikifanya huku napiga soga. Imekaa upande kidogo. Usimpe mtu ainyooshe. Na watakaokusifia gauni, watajie jina la aliyelikata, hata kama nipo palepale.

Msalimie shemeji, mwambie aache kuvuta sigara nyuma ya choo, moshi una mdomo. Mbusu bibi harusi kwa niaba yangu. Tutafika mapema, na Pindo naye nimemwalika. Mtafutieni kiti karibu nami.

Ni mimi mdogo wako,
Mjomba wa bibi harusi