Kikao cha Dharura Kuhusu Masunga Kuacha Mpira Akaigize

KAMATI YA KLABU YA NGITILI, BARIADI

Tarehe: Jumapili, 14 Juni 1998
Mahali: Ofisi ya ghala la pamba

Waliohudhuria: Ndaki Mahona (Mwenyekiti), Athanasi Sayi (Kocha), Scola Kwandu (Mjumbe), Lukresia Malimi (Katibu)
Aliyeitwa: Masunga Maduhu (Mshambuliaji)
Asiyehudhuria: Thomasi Nyanjige (Mjumbe). Alikuwa mnadani na ng'ombe wake, kama kawaida yake.

KUMB. NA. 1/98: KUFUNGUA
Mwenyekiti alifungua kikao saa nane mchana, akasema salamu zitasubiri.

KUMB. NA. 2/98: OMBI LA MASUNGA
Masunga alieleza kwamba kikundi cha maigizo ya televisheni kilichopita hapa kutoka Dar es Salaam kilimjaribu, kikampenda, na kinamtaka kabla ya wiki kwisha. Aliomba aachiwe. Mwenyekiti alijibu kwamba ana mkataba, ligi haijaisha, na tangu tajiri wa pamba aanze kuwalipa wachezaji mshahara hakuna aliyewahi kuleta mchezo huu. Alisema: "Ng'wanawane, mwanangu, hapa unakula kwa miguu yako. Huko utakula kwa kuchekesha watu?"

Scola alisema ameiona televisheni Mwanza na waigizaji wanavaa vizuri. Mwenyekiti alimtaka arudi kwenye ajenda.

KUMB. NA. 3/98: ALIKOJIFUNZIA KUIGIZA
Kocha alisema kwa ukali kwamba kamati isijifanye haijui. Alikumbusha utaratibu wetu: timu ikiongoza, Mwenyekiti huvua kofia, Masunga hujiangusha na kushika goti, na muda unakwenda. Mwenyekiti alisema hiyo ni mbinu ya mpira. Kocha alisema mbinu hiyo ndiyo iliyomwonyesha kijana njia ya Dar es Salaam. Wote wawili walisimama. Katibu aliwaomba waketi, hawakuketi.

KUMB. NA. 4/98: GOTI
Mwenyekiti alitaka ombi likataliwe papo hapo. Masunga aliomba kusema kwanza, akakunja suruali mguu wa kulia. Goti lilikuwa limevimba vibaya, Katibu alishindwa kulitazama. Masunga alieleza kwamba aliumia kwenye mechi ya Maswa na daktari amemkataza kucheza.

Kocha alikumbuka kwamba siku ile kofia haikuvuliwa, na sisi sote benchini tulipiga makofi tukidhani kijana ameamua kuanguka kwa akili yake mwenyewe. Mwenyekiti aliuliza kwa nini hakusema.

Masunga alijibu: "Nilipoanguka sikuigiza, baba. Nilipoinuka ndipo nilipoanza kuigiza. Mkanipigia makofi tena."

Mwenyekiti aliuliza, sasa kwa sauti ya chini, kama klabu ikimtibu atarudi uwanjani. Masunga alisema hapana, kazi ile ameipenda, angeiomba hata kama goti lingekuwa zima. Scola alikuwa analia na hakuficha.

Mwenyekiti alivua kofia akaiweka mezani. Masunga alibaki amesimama. Mwenyekiti aliagiza barua ya kumwachia iandikwe leo hii, na klabu imtibu kabla hajasafiri. Hakuna aliyepinga.

KUMB. NA. 5/98: KUFUNGA
Kikao kiliisha saa kumi kasoro robo. Mwenyekiti alitoka kichwa wazi, amemshika Masunga mkono kwenye ngazi za ghala. Kofia yake iko kwa Katibu. Amepelekewa mara mbili, amekataa kuipokea.

N. Mahona, Mwenyekiti (amesaini)
L. Malimi, Katibu (amesaini)